Nguo imevaliwa mara moja na haijachafuka: ninyi mnaiweka wapi?

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Jambo wapendwa. Swali langu ni la nyumbani kabisa, la nguo, na mwezi uliopita lilinitoa machozi. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Tuko watu sita: mimi, bwana wangu na watoto wanne. Tunakaa Kadutu, juu kabisa, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Bwana wangu anafundisha sekondari, mimi nauza unga wa muhogo na maharage sokoni. Anayeijua Kadutu anajua ngazi zetu, na anaujua udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha. Bomba la karibu likitoa maji, linatoa usiku wa manane, na kuna wiki halitoi hata tone. Hapo ni kushuka na bidoni ya lita 20 na kupanda nayo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, au kumlipa mbebaji franka 500 kwa kila bidoni. Kufua nguo za watu sita na kuzisuuza mara mbili kunakula bidoni tano au sita.

Kwa hiyo siwezi kufua kila kilichogusa mwili. Nguo chafu zina basani lao, nyuma ya mlango wa jikoni. Nguo safi zina sanduku la bati, chini ya kitanda. Zinazonishinda ni za katikati. Koti la bwana wangu, analovaa kila siku ya kazi. Suruali aliyoivaa Jumatatu tu. Libaya, yaani blauzi, nililovaa misa ya kwanza, nikalivua kabla ya saa nne. Triko la mtoto la asubuhi ya baridi. Jua likitoka analifunga kiunoni. Kikwembe nilichojifunga kwenda kumpongeza jirani aliyejifungua, nikakaa nusu saa nikarudi. Hizo si chafu. Wala si safi, na mama mkwe wangu alinionya tangu wiki ya kwanza ya ndoa: nguo iliyotoka mwilini haichanganywi na iliyotoka kwenye kamba.

Basi zinaenda kwenye kiti. Tuna viti vinne sebuleni, na kimoja sikumbuki mara ya mwisho kilikaliwa na mtu lini. Mgeni akibisha hodi nabeba rundo lote nalitupa kitandani. Usiku tukitaka kulala linarudi kwenye kiti. Ikifika Alhamisi hakuna anayejua ipi imevaliwa mara moja na ipi mara tatu. Tunanusa. Lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wote wanataka kutoka, nani ana muda wa kunusa?

Yametokea mambo mawili.

La kwanza ni la binti yangu mkubwa, ana miaka 13. Shule zetu mnazijua, nyeupe juu na bluu chini kwa kila mwanafunzi. Ana mashati mawili meupe. Siku hiyo alichukua kwenye kiti shati alilodhani ni safi, kumbe ndilo alilovaa siku mbili na kukimbia nalo michezo. Wenzake wawili wakaomba kuhama dawati. Alirudi nyumbani hakusema kitu. Alichukua basani akafua mashati yote mawili, jioni, gizani, kwa maji niliyokuwa nimewekea kupikia. Nilipomuuliza ndipo akalia. Tangu siku ile anafua kila jioni, na asubuhi analivaa likiwa bado na unyevu mabegani. Asubuhi za Bukavu mnazijua zilivyo.

La pili ni kikwembe cha mama yangu. Mama alifariki, akaniachia kikwembe cha waksi, buluu iliyokolea na maua ya rangi ya machungwa. Navaa siku kubwa tu. Novemba nilikivaa arusini, mvua ikatukuta njiani lakini ilikuwa manyunyu, nikaona hakikulowa. Nikarudi usiku, nimechoka, nikakikunja vizuri nikakirudisha kwenye sanduku ili kisiende kwenye kile kiti. Niliona nakiheshimu. Noeli nimefungua sanduku, harufu ikanipokea kabla ya nguo. Madoa meupe kama unga kwenye mikunjo, na chini yake mengine meusi, madogo, kama mtu alinyunyiza pilipili manga. Na vikwembe viwili vilivyokuwa juu yake vimeanza.

Nauliza hivi. Hizo nguo za katikati ninyi mnaziweka wapi, hasa mnaokaa nyumba ndogo kama sisi? Mnajuaje kwamba hii bado na hii imetosha? Na kikwembe cha mama yangu, kuna dawa?

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Mama, pole sana kwa kikwembe. Mimi nashona karibu na soko la Nyawera, mwaka wa 22 sasa, na nguo zinazoletwa kwangu zimenifundisha mengi. Nikuambie jambo la kwanza ili roho yako itulie: usijione mvivu kwa kutofua kila kitu. Nguo nyingi ninazoziba viraka zimeharibiwa na kufuliwa. Zimesuguliwa kwenye jiwe, zimekamuliwa kwa nguvu za watu wawili, zimeanikwa upande wa rangi kwenye jua la saa sita. Kola inachanika kwenye mkunjo, waksi inapauka. Suruali ya kitambaa kizuri ikifuliwa kila ikivaliwa haimalizi mwaka.

Kosa lako ni moja tu. Uliikunja ikiwa na joto.

Nguo ikitoka mwilini ina maji ndani yake, hata kama hukuona jasho. Mwili unatoa mvuke mchana kutwa, nyuzi zinaunywa. Wewe ulikuwa na jasho la kucheza na manyunyu juu yake. Ukakunja, ukafunga ndani ya bati, chini ya kitanda, mwezi wa mvua. Kuvu halitaki zaidi ya hapo: unyevu, giza, hewa iliyosimama. Nguo zetu hapa kuanzia Septemba mpaka Mei haziwezi kwenda moja kwa moja sandukuni. Kiangazi, Juni hadi Agosti, unaweza kukosea na usiadhibiwe.

Kwa hiyo nguo ya katikati ilale nje ya sanduku usiku mmoja, ikiwa imegeuzwa ndani nje, ikining'inia. Hilo la kugeuza ni muhimu, maana upande uliogusa ngozi ndio unaotaka hewa.

Mahali pa kuning'iniza: tandika waya au mti kutoka ukuta mpaka ukuta, pale ambapo watu wanapita na hewa inapita. Acha nafasi ya kiganja kati ya nguo na ukuta, kwa sababu kuta zetu zinatoka jasho wakati wa mvua, na nguo iliyoegemea ukuta inapata mstari wa kijani mgongoni. Msumari uliopigwa nyuma ya mlango sipendi. Unaacha kutu, na kutu kwenye nguo nyeupe mimi sina dawa yake. Tena unatoboa kitambaa pale pale unapotundika kila siku. Sintre za waya, zile za kutundikia nguo, zipo sokoni kwa bei ndogo, ila bega lake ni jembamba, linaacha chuchu kwenye koti. Zungushia vipande vya kitambaa mpaka linenepe. Pitia kwangu nikupe mabaki, siyauzi.

Koti la mwalimu nalijua vizuri, nimefungua bitana nyingi za walimu. Linakufa kwa chaki na kwapa. Kila jioni toa kila kitu mifukoni, lipigepige kwa kiganja ukiwa nje, kisha brashi kavu kutoka bega kwenda chini, usirudi juu. Kwapa unapangusa upande wa bitana kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, halafu kitambaa cha maji matupu, unaacha likauke. Glasi moja ya maji inatosha. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, utalifua koti kwa nadra sana.

Na jambo ambalo watu wananikatalia: usipige pasi shati lililovaliwa ambalo halijafuliwa, hasa jeupe. Joto linapika jasho ndani ya nyuzi, baadaye ile duara ya njano kwapani haitoki hata ufanye nini.

Sasa kikwembe. Usikiloweshe kwanza. Kitoe nje, mbali na mlango na mbali na kamba yenye nguo nyingine, ukipige brashi kavu upande wa ndani mpaka ule unga mweupe uanguke. Funga kitambaa puani. Kianike juani asubuhi moja, ndani nje, saa mbili hadi saa tano. Kisha kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, ufue kwa mkono bila jiwe. Madoa yaliyobaki, kamua limau, changanya na chumvi, paka, rudisha juani mpaka pakauke, suuza vizuri. Lakini jaribu kwanza kwenye ncha ya pindo, uone kama rangi inavumilia. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, usiiguse kabisa, itakula buluu ya mama yako na kuacha doa jeupe la milele. Weupe utatoka. Zile nukta nyeusi sikudanganyi, zikiwa zimekaa wiki tano au sita huenda baadhi zisitoke.

Sanduku lenyewe nalo: litoe vyote, lipanguse kwa maji ya sabuni, liache wazi juani siku nzima. Ukirudisha nguo bila kufanya hivyo, umerudi pale pale.

Muuguzi wa zamu ya usiku (Bukavu)

Mama, nimesoma habari ya binti yako nikaumia. Niseme machache ya upande wa mwili, maana Papa Fundi amemaliza ya kitambaa.

Jasho likitoka halina harufu kubwa. Harufu inatengenezwa na vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi, hasa kwapani, vikilila hilo jasho. Na mtoto anapoingia miaka 11, 12, 13, jasho la kwapa linabadilika kwa sababu mwili unakomaa. Shati ambalo mwaka juzi angelivaa siku tatu, leo ni siku moja. Hajawa mchafu, amekua. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, na umwambie ukiwa naye peke yake.

Kwa hiyo shati lake jeupe haliko kwenye nguo zenu za katikati. Siku moja, basani. Lakini hahitaji kulifua lote kila jioni kwa bidoni nzima. Anaweza kufua makwapa na kola tu kwa sabuni na kikopo cha maji mara anapofika kutoka shule, mchana bado una joto, likauke kabla ya giza. Ukipata shati la tatu kwenye mitumba, hata lililopauka kidogo, atakuwa na shati moja mwilini, moja kwenye kamba, moja limekauka. Chagua la pamba. Yale ya nailoni na poliesta yanakauka haraka ndiyo, lakini yanashika mafuta ya mwili na harufu inarudi mara tu anapopata joto.

Mimi napima hivi: inagusa wapi? Chupi, soksi, fulana ya ndani, chochote kinachogusa kwapa moja kwa moja, mara moja tu. Suruali, sketi, triko lililovaliwa juu ya shati, koti, hizo zinavumilia mara kadhaa zikipata hewa. Fulana ya ndani ndiyo inayookoa libaya na shati la juu, na kufua fulana ni maji kidogo.

Halafu kuna nguo ambazo hazina katikati hata kama zimevaliwa dakika kumi. Uliyovaa kumtembelea mgonjwa hospitalini. Kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni kikishapata mkojo. Ya mtoto mwenye upele. Hiyo usiitundike na za wenzake, maana wadudu wa upele wanaweza kuhamia kwa njia hiyo. Ukikosa maji ya kufua siku hiyo, ifunge kwenye mfuko wa plastiki siku nne au tano. Wadudu hao wakikosa ngozi ya mtu hawaishi zaidi ya siku mbili tatu hivi. Kwa kunguni hiyo haifai, kunguni anavumilia miezi.

Mimi nikitoka zamu, nguo za kazi zinavuliwa nyuma ya nyumba, haziingii chumbani. Hapo sina mjadala na mtu.

Mkaaji wa Nguba (Bukavu)

Kwetu tunatumia naftalini, vidonge vitatu ndani ya sanduku, na manukato kidogo kwenye nguo kabla ya kuzikunja. Harufu haipo. Jaribu, mama.

Muuguzi wa zamu ya usiku (Bukavu)

Ndugu wa Nguba, nakuomba utafakari tena hilo la naftalini, hasa nyumba yenye mtoto mchanga. Moshi wake usioonekana unaingia mwilini kwa pua na kwa ngozi, na kuna watoto waliozaliwa na upungufu fulani kwenye damu, wengi wao katika nchi zenye malaria kama yetu, ambao naftalini inavunja damu yao. Mtoto anageuka njano, anaishiwa damu. Wazazi hawajui kama mtoto wao ana upungufu huo mpaka siku hiyo. Nguo na blanketi zilizokaa na naftalini asifunikwe mtoto mchanga. Tena naftalini inafukuza nondo, kuvu haliijali. Manukato nayo yanafunika harufu tu, jasho bado limo ndani.

Kijana wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mama wa Kadutu, hapa kwetu adui ni mwingine. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna mvua, vumbi jekundu linaingia hata dirisha likifungwa, na Juni na Julai ni baridi, kila mtu ana koti. Kuvu hatulijui kipindi hicho, ila nguo iliyoning'inia wazi siku tatu inabadilika rangi. Kwa hiyo mimi nafunika waya wangu kwa shuka la zamani, jepesi, hewa inapita na vumbi linabaki juu.

Lakini nilitaka kukupa ya kuhesabu. Nina chumba kimoja cha kupanga na waya mmoja. Nguo safi zinatundikwa ndoana ya sintre ikitazama ukuta. Nikishavaa, narudisha ndoana ikitazama mimi. Na nabana kibanio cha kuanikia kwenye sintre, kimoja kwa kila siku niliyovaa. Suruali ikiwa na vibanio vitatu najua imefika. Hakuna kunusa. Wadogo zangu wawili walikuja likizo wakajifunza siku ya kwanza, mmoja ana miaka 7.

Yaya wa Himbi (Goma)

Mdogo wangu, nimekuelewa hasa ulipotaja bidoni. Huku Goma wengi tunachota ziwani, na maji ya Kivu yana chumvichumvi yake, sabuni haitoi povu upesi, unajikuta umemaliza kipande kizima kwa nguo chache. Kwa hiyo na sisi tunapima kabla ya kufua.

Mimi nilijifunza hili mwaka 2021. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei, na tarehe 27 tukaambiwa tuhame. Tulitembea kuelekea Sake, kila mtu na mfuko mmoja. Nilikuwa na nguo nilizovaa na vikwembe viwili, siku tisa. Maji yalikuwa ya kunywa tu. Mama mmoja mzee tuliyelala naye katika darasa la shule alitupanga: usiku kila mmoja avue cha mchana, akigeuze, akitandaze juu ya dawati, ajifunge kikwembe alale. Asilale na nguo ya mchana hata kama ni baridi. Chupi zilifuliwa kwa kikombe kimoja cha maji, kila usiku. Siku tisa, watu zaidi ya 30 darasani, na hatukunuka vibaya kama tulivyoogopa. Niliporudi nyumbani nikakuta nimeendelea na desturi hiyo mpaka leo. Nikifika tu navua nguo ya kutokea, navaa kikwembe cha nyumbani. Sipiki na nguo ya kutokea hata kama ni chai. Nafikiri nusu ya nguo zako za kwenye kiti, mdogo wangu, zinaharibiwa nyumbani: moshi wa mbabula (jiko la makaa), mafuta ya sambaza (samaki wadogo wa ziwani), mikono ya watoto. Nguo iliyovaliwa kanisani saa mbili bado ni nzuri, ila ukikaanga nayo sambaza ni ya basani jioni ile ile.

Jambo jingine dogo: nguo ulizoanika nje ziingize ndani kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo unyevu wa ziwa unashuka na nguo inaunywa upya.

Na hicho kiti, mtafutie mtu wa kukikalia.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Aksanti ninyi nyote. Zimepita wiki tatu, nimekaa kimya kwa sababu nilitaka nifanye kwanza.

Bwana wangu alikata mti wa mkalitusi, akautandika kwenye koridori kati ya vyumba, umbali wa kiganja kutoka ukutani kama Papa Fundi alivyosema. Nilipita Nyawera nikapata mabaki ya kitambaa, tukazungushia sintre kumi jioni moja, mimi na binti yangu. Watoto wadogo nimewawekea kamba yao chini, kwa urefu wao, maana ile ya juu walikuwa wanarusha nguo zinaanguka. Vibanio vya kijana wa Kamalondo vimependwa kupita vyote. Bwana wangu anabana chake mwenyewe kila jioni na kuuliza kama nimehesabu. Koti lake tulilifungua, tukapiga brashi nje. Chaki iliyotoka mifukoni peke yake ilijaza kiganja.

Nimepima maji. Wiki ya kwanza bidoni ishirini na mbili, wiki hii kumi na sita, na ndani ya hizo kumi na sita kuna shati la binti yangu kila siku. Nimemnunulia la tatu, la pamba, lilikuwa na doa la wino mfukoni. Amelishonea ua dogo juu ya doa. Nilimwambia yale maneno ya muuguzi tukiwa tunatwanga, wawili tu. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama mimi pia ilinitokea nikiwa na miaka yake. Nikamwambia ndiyo, na ni mama yangu aliyeniambia.

Ile ya kuvua nguo ya kutokea ninapofika bado inanishinda siku za soko, kwa sababu naingia tu na mtoto wa mwisho ananidaka miguuni. Najitahidi.

Kikwembe. Nilipiga brashi, nikaanika, nikafua. Limau nililijaribu kwenye pindo, rangi ikavumilia, nikapaka mara mbili kwa siku mbili tofauti. Weupe umeisha wote, harufu imeisha. Nukta nyeusi zimebaki kwenye mkunjo mmoja, kama kumi na tano hivi, upande unaokwenda ndani ukijifunga. Vile vikwembe viwili vingine vimepona kabisa. Sanduku lilikaa juani siku mbili.

Jumapili nilikivaa. Mkunjo wenye nukta niliupeleka ndani, ubavuni, hauonekani. Niliporudi nilikigeuza nikakitundika mwisho wa mti, karibu na dirisha, peke yake, na jioni binti yangu alikibana kibanio kimoja bila kuambiwa.

Papa Fundi, ukikunja waksi ya zamani baada ya kukauka, unaibadilishia mkunjo kila mara au unaizungusha kama mkeka? Naogopa kukikunja pale pale.

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Izungushe, mama, kwenye karatasi ya kadi au kipande cha shuka safi, upande wa rangi ndani. Na kila mwezi wa mvua itoe mara moja ipate hewa asubuhi moja, hata kama hujaivaa.